Marehemu Tranquilino Casillas Barba na Jogoo Aliyepandishwa Cheo

Marehemu ndugu yetu Tranquilino Casillas Barba alizaliwa tarehe 6 Julai 1951 hapa Las Tinajas, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Don Fortino Casillas na marehemu mama yetu, Eleuteria Barba. Mama alifungua kalenda ya watakatifu, akakuta siku hiyo ni ya Mtakatifu Tranquilino, basi mtoto akapewa jina hilo, ambalo maana yake ni mtulivu. Kalenda ilikosea. Mkunga alipomwinua alipigwa teke la pua, na damu ya kwanza iliyomwagika siku ile baada ya ile ya Mama ilikuwa ya mkunga. Mimi ni Hermelinda, dada yake anayemtangulia, na familia imeniomba nisome wasifu huu. Wameniomba pia niusome kwa upole. Hilo la pili sikuahidi.

Baba alifuga majogoo wa kupigana, kama kila mwanamume wa Las Tinajas mwenye heshima zake, na wasio nazo pia. Tranquilino alipokuwa na miaka sita aliokota kifaranga kilichovunjika mguu, akakitia ndani ya shati lake, na kwa muda mrefu akawa analala chali asigeuke, asije akakilalia. Kifaranga kilipona, kikakua, kikawa jogoo mzuri mwekundu. Baba akampeleka uwanjani, na jogoo akachinjwa katika pambano lake la kwanza kabisa. Tranquilino alirudi nyumbani na mzoga umo ndani ya shati lile lile. Hakulia. Alitoka nje, akamtafuta mtoto wa mwenye jogoo aliyeshinda, akamng'oa meno mawili ya mbele kwa jiwe. Mtoto huyo alikuwa Don Gumaro Lomelí, na urafiki wao ulianza siku hiyo.

Elimu yake aliipata katika shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1958. Aliondoka akiwa darasa la tano, na hakuondoka kwa hiari. Mwalimu wetu wa wakati huo, bibi mmoja mkali kutoka Tepatitlán, alisikia kuwika darasani.

"Casillas, nani anawika?"

"Mimi, mwalimu."

"Haya, wika tena tukusikie."

Tranquilino akasimama, akavuta pumzi, akawika vizuri kabisa, na ndani ya mkoba wake jogoo akamjibu. Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu alimchapa viboko mpaka fimbo ikakatika, kisha akamkamata jogoo ili amtupe dirishani. Hapo Tranquilino alimuuma mkono. Alama ya meno yale bibi wa watu alizikwa nayo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupakia trei za mayai kwenye malori, katika mashamba makubwa ya kuku yaliyojaa huku kwetu Los Altos. Aliifanya tangu mwaka 1966 mpaka mgongo ulipomkataza. Lakini mkate wa moyo wake ulikuwa palenke, uwanja wa majogoo. Hapo yeye ndiye aliyekuwa akimshika jogoo, akimfunga wembe kwenye kipi cha mguu, akimwachia mchangani, na akimwokota anapojeruhiwa. Wahenga husema jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini majogoo wa ndugu yangu waliwika mpaka mjini Aguascalientes. Sababu ilikuwa kinywa chake. Jogoo aliyekatwa hujaa damu kooni, akakoroma, akazama katika damu yake mwenyewe. Tranquilino alikuwa akikiingiza kichwa chote cha ndege kinywani mwake, akavuta damu na kohozi, akatema pembeni, akapuliza pumzi ya moto chini ya bawa, kisha akamrudisha uwanjani. Nimeona kwa macho yangu majogoo waliokwisha kufa wakirudi kuua. Watu walimwita Mganga. Mpiganisha majogoo asiyeweza kunyonya hakuhesabiwa kuwa mwanamume, na vijana mlio hapa mmejifunza kwake.

Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na Ofelia Jáuregui Franco katika kanisa hili hili tulilotoka sasa hivi. Kwenye karamu alipigana na kaka wawili wa bibi harusi, mmoja akapoteza fahamu ndani ya sufuria ya birria, mchuzi wetu wa mbuzi, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa imepoa. Wifi yangu Ofelia ni mwanamke mpole, lakini mpole si mjinga. Mwaka wa pili wa ndoa alimwambia achague kati yake na majogoo, mume akacheka. Jumapili ile Ofelia alimpakulia nyama ya mchuzi wa pilipili nyeusi, akala, akaomba tena, akalamba mifupa.

"Mke wangu, kuku huyu umemtoa wapi? Mtamu!"

"Si yule mwekundu wako, mshindi wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana? Nilidhani utamjua kwa ladha."

Ndugu yangu alivunja meza ile kwa kichwa chake. Si kwa ngumi, kwa kichwa. Lakini hakumgusa Ofelia hata unywele, na tangu siku ile majogoo walihamishiwa nyuma ya ua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Amparo na Nicandro. Don Gumaro alimsimamia Nicandro ubatizo, na hivyo yeye na marehemu wakawa kompadre, undugu ambao kwetu ni mzito kuliko ule wa tumbo moja.

Katika wasifu huwa kuna aya ya ugonjwa. Ndugu yangu hakuugua, ukiacha macho yaliyomwiva mekundu siku zake za mwisho, na watu wakadhani analia. Walioumwa ni kuku. Mnajua wote jinsi mafua ya ndege yalivyoingia Los Altos mwezi wa Juni mwaka huu wa 2012. Yalianza kwenye mashamba makubwa. Leo banda zima linataga, kesho banda zima limelala. Wakaja askari barabarani, wakaja vijana waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni, wakachora duara kwenye ramani na kusema kila chenye manyoya ndani ya duara kitauawa. Nyumba ya Tranquilino ilikuwa ndani ya duara. Shamba langu, ng'ambo ya korongo, lilikuwa nje.

Walipofika kwake aliwasubiri getini na panga. Kijana wa kwanza alivunjwa pua kwa mpini. Ilibidi askari wanne wamkalie mgongoni, shavu lake likiwa kwenye kokoto, huku majogoo wake wakivunjwa shingo mmoja mmoja na kutupwa katika mfuko mweusi. Amparo, binti yake, alipoteza bata mzinga wote siku hiyo hiyo. Alimwona baba yake akitaja jina la kila jogoo anapovunjwa. Alitaja yote isipokuwa moja. Sajenti, jogoo wake mweusi wa miaka miwili, aliyekuwa akimwandaa kwa maonyesho ya mwezi wa Agosti, hakuwa kwenye tundu lake.

Alikuwa kwangu. Mimi nilikuwa sijui.

Tangu siku ya kwanza ya tauni hii niliweka beseni la dawa mlangoni mwa shamba, na hakuna kiatu kilichoingia bila kukanyaga humo. Padri Wenceslao, uliyesimama hapa, ulikanyaga dawa kabla ya kunibarikia mabanda, na kanzu yako ikabadilika rangi pindoni, na ukanivumilia. Dereva wa chakula alikanyaga. Na Tranquilino alikanyaga, mguu mmoja kisha wa pili, kwa adabu kabisa, kofia kifuani, na mkononi kashika mfuko wa sokoni uliofunikwa majani ya saladi. Nikamuuliza kabeba nini. Akasema chakula chake cha mchana. Nilifurahi jinsi alivyosugua soli.

Kuku wangu wa mayai, nilioachiwa na marehemu mume wangu na kuwaongeza kwa mikono yangu hii mpaka wakafika elfu tisa, walikula chakula kilichotoka katika ghala lile alimomficha Sajenti, nyuma ya magunia ya mahindi. Kila siku ndugu yangu alikuja kunisaidia kubeba magunia. Nikasema uzee umemlainisha.

Ijumaa tarehe 20 Julai, mimi nikiwa mjini, alimtoa Sajenti akampeleka nyumbani kwa Don Gumaro, ambako majogoo walikuwa wanapiganishwa kwa siri nyuma ya ukuta, kwa sababu serikali ilikuwa imefunga palenke zote. Sajenti alishinda, lakini kwa uvivu, na aliposhinda akasimama katikati ya mchanga, kilemba chake kimegeuka rangi ya zambarau. Huku kwetu tumefundishwa tangu utoto kwamba kilemba kikiiva hivyo baada ya pambano ni dalili ya damu ya moto, damu ya mshindi. Hakuna mtu hata mmoja pale aliyeshtuka.

"Kompadre!" Don Gumaro akapiga kelele. "Jogoo wako kavaa zambarau! Huyu si sajenti tena, kapandishwa cheo. Huyu ni askofu!"

Basi wakacheka mpaka machozi. Wakamzungusha Askofu kwa wanaume wote waliokuwepo, mmoja baada ya mwingine akapiga goti akambusu ukucha, kama mtu anavyobusu pete ya askofu. Kisha wakashika majogoo wao na mikono ile ile, wakawanyonya damu kwa midomo ile ile, wakaenda zao, na ndugu yangu akamrudisha wake mafichoni kwangu. Padri, nakuomba radhi. Hayo si maneno yangu, ni mambo yaliyotendeka.

Jumamosi asubuhi nilisikia jogoo akiwika shambani kwangu. Kuku wa mayai hawahitaji jogoo, na kwangu hajawahi kukanyaga hata mmoja. Kuwika kwenyewe kulikuwa kama kwa mzee aliyekabwa koo. Nilichukua panga, nikafuata sauti mpaka ghalani, nikasukuma magunia. Ndugu yangu alikuwa amepiga magoti sakafuni na kichwa cha jogoo kimo kinywani mwake.

"Tranquilino!"

Akatema. "Taratibu, dada. Utamshtua."

"Nimshtue? Huyo ametoka wapi?"

"Ana kohozi tu. Nikimtoa hili atakaa sawa."

"Nakuuliza ametoka wapi!"

"Kule wanaua, dada. Wanavunja shingo kama wanavunja kuni. Nikaona kwako ndiko salama."

"Kulikuwa salama! Kulikuwa!"

Nilimpiga kwa ubapa wa panga begani, kwa nguvu zangu zote, nikampiga tena mgongoni. Mtu huyu ambaye hajawahi kupigwa bila kurudisha alibaki amepiga magoti, na jogoo akajinyoosha mapajani mwake, akatetemeka, akafa. Nikamshika ukosi nikamburuta mpaka banda la kwanza. Nilikuwa nimetoka humo jana yake jioni nikaona kuku wachache wamejikunyata, nikalaumu joto. Sasa nilifungua mlango na sote wawili tukaona. Walikuwa wanazunguka wakiwa wamepinda shingo mpaka mgongoni. Wengine vichwa vimevimba macho hayafunguki, ute unawatoka mdomoni, wanafungua midomo wakitafuta hewa. Walikuwa wanaanguka juu ya mayai yao wenyewe na kuyavunja, na wenzao walikuwa wanawakanyaga. Vilemba vyote, safu hadi safu, vilikuwa zambarau.

"Wote?" akauliza.

"Nenda ukawaangalie wa banda la pili, kisha uniambie wewe."

Hakwenda. Alikaa chini kwenye kinyesi, akashika kichwa. "Jana wamembusu ukucha," akasema. Sikuelewa. Ndipo akaniambia habari ya askofu, yote, bila kuficha. Akaniambia pia kwamba kesho yake, Jumapili, Don Gumaro alikuwa na pambano kubwa nyuma ya ukuta, na watu walikuwa wanakuja na majogoo kutoka San Juan, kutoka Jalostotitlán, kutoka ng'ambo ya mto ambako ugonjwa haujafika. Wakishapigana, kila mtu atamrudisha jogoo wake nyumbani, na nyumbani kuna kuku wa mke, na jirani kuna shamba.

"Mimi nawapigia simu madaktari wa mifugo," nikamwambia.

"Wapigie wewe. Mimi nitawaendea wenye majogoo."

Nilipiga simu. Waliniambia wana kazi nyingi, watafika Jumatatu.

Kifo cha ndugu yangu kilitokea Jumapili tarehe 22 Julai 2012, saa kumi za jioni, na sitasema kwa tafsida kwa sababu wengi wenu mlikuwepo. Aliingia uani kwa Don Gumaro akiwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, na mfuko wa sokoni mkononi. Mimi niliendesha gari. Bendi ilikuwa inapiga, tekila inazunguka, na majogoo wamepangwa kwenye matundu yao kando ya ukuta. Marehemu aliruka uzio wa palenke, akamwaga mzoga wa Askofu katikati ya mchanga, bendi ikanyamaza.

"Nani alimbusu huyu juzi?"

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama kuna misa ya wafu.

"Kafa," Tranquilino akasema. "Kuku wa dada yangu wanakufa nao. Hawa wenu watakufa, na watakaowagusa watakufa. Nimewanyonya wengi wa hawa kwa mdomo wangu baada ya kumnyonya yeye. Leteni majogoo hapa tuwaue sasa hivi, mimi na nyinyi, kwa heshima. Tusingoje wale wa nguo nyeupe."

"Kompadre," Don Gumaro akasema, "umeanza kuvaa gauni la dada yako?"

"Serikali imekupa ngapi, Mganga?" mwingine akadakia.

"Kafiwa na jogoo, anataka sote tuvae nyeusi!"

Alikwenda kwenye matundu, akafungua la kwanza, akamtoa jogoo, kidole gumba chini ya kichwa, akapinda. Akamtupa. Akafungua la pili. Mikono ile iliyojulikana Los Altos nzima kwa kuwafufua iliwaua kwa wepesi ule ule, na kabla watu hawajaamini wanachokiona majogoo kadhaa walikuwa wamelala mchangani wakipapatika. Hapo ndipo wanaume walipomvamia. Wa kwanza alimpiga kwa kigoda mgongoni. Wa pili kwa chupa, ikapasukia sikioni. Walimpiga mateke ya mbavu mpaka nikasikia mlio, walimvunja taya, walimkanyaga vidole vya mkono wa kushoto, akatumia wa kulia. Alitambaa. Akafika tundu lingine, akafungua, akapinda. Majogoo waliotoroka walirukiana wenyewe kwa wenyewe na nyembe miguuni, watu wakakatwa viganja na nyuso, mchanga wote ukawa damu na manyoya, na yeye katikati anatambaa. Nimemjua mtu huyu miaka sitini na moja. Hakuna aliyewahi kumpiga kofi akaondoka nalo bila lake. Siku ile alipigwa na umati, na hakuinua mkono kumrudishia hata mmoja. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.

Mimi nilikuwa nimerudisha gari kinyumenyume nikaliziba geti, nikatoa ufunguo.

"Mama, ondoa gari! Tunataka kutoka!"

"Njooni mchukue ufunguo," nikawaambia, nikautia kifuani. "Atakayethubutu ataeleza kwao jinsi alivyoupata."

Hakuna aliyethubutu. Ukuta wa mbele ni mrefu, na mwenye jogoo wa kupigana haruki ukuta akiwa na ndege mwenye wembe mkononi. Basi mmoja mmoja waliokuwa mbali wakaanza kumwangalia mtu anayetambaa, wakaona midomo yake iliyowanyonya ndege wao, wakaona rangi ya macho yake, na wengine, namshukuru Mungu kwa ajili yao, wakawavunja majogoo wao wenyewe huku wakilia kama watoto. Uchebe, yule mpiga tarumbeta, aliweka tarumbeta chini akamvunja wake wa pekee. Namtaja ili ashukuriwe.

Akabaki mmoja. Alikuwa Hakimu, jogoo wa Don Gumaro, wa kijivu, kashikwa kifuani na mwenyewe, wembe umeshafungwa tayari kwa pambano la kwanza.

"Huyu humgusi, kompadre."

"Nipe, Gumaro."

"Nilikubatizia mwanao."

"Ndiyo maana nakuomba. Wengine sikuwaomba."

Alishika mguu wa suruali ya Don Gumaro, akajivuta mpaka akasimama. Akanyoosha mkono. Don Gumaro akarudi nyuma, jogoo akapiga mateke kama jogoo wanavyopiga wakiona mkono, na wembe ukaingia juu ya paja la ndugu yangu, kwenye kinena, ukapanda. Polisi wameandika ajali. Na iwe ajali. Damu ilitoka kwa kuruka, ikampiga Don Gumaro usoni. Niliacha geti nikakimbia, nikavua shali nikaisokomeza kwenye jeraha, nikaikalia kwa magoti yangu mawili, na bado ilipita katikati ya vidole.

"Dada," akasema, na taya ile iliyovunjika nilimwelewa kwa shida. "Geti umefunga?"

"Limefungwa."

"Gumaro?"

Niligeuza kichwa. Nyuma ya jukwaa la bendi kuna sehemu ambapo ukuta umebomoka, na mwenye nyumba ndiye pekee aliyekuwa akiijua. Don Gumaro hakuwepo, wala Hakimu.

"Yupo hapa," nikamwambia. "Ameshamuua. Wamekwisha wote, mdogo wangu. Hakuna aliyetoka."

Akanitazama kwa macho yake mekundu, akafumba. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia hapa duniani.

Jana Jumatatu, Ofelia na Amparo walipokuwa wanamwosha, vijana wa nguo nyeupe walifika kwangu kama walivyoahidi. Walifunika mabanda kwa nailoni, wakaingiza gesi, na waliosalia baada ya gesi walivunjwa shingo kwa mkono. Shimo limechimbwa pale nilipokuwa napanda maboga. Leo shambani kwangu hakuna sauti yoyote, na nimekuja kumzika aliyeniletea kimya hicho, na ninampenda, na nina hasira naye, na yeyote anayedhani siwezi kuwa na vyote viwili hajawahi kuwa na kaka.

Marehemu ameacha mjane, Ofelia Jáuregui Franco, watoto wawili, Amparo na Nicandro, wajukuu watano, na dada mmoja, ambaye ni mimi. Mpaka hapo ndivyo kipeperushi mlichonacho mkononi kilivyoandikwa. Yaliyobaki niliyaandika kwa kalamu usiku, hayamo kwenye chapa.

Ameacha pia jogoo mmoja hai. Kwetu mpiganisha majogoo hazikwi kabla rafiki zake hawajanyanyua ndege wao juu ya jeneza ili wamuwikie. Kwa hiyo ninapoandika haya sijui Don Gumaro atasimama upande gani wa kaburi, ila ninajua atakuja, kwa sababu alimpenda, na ninajua atakuja na mfuko. Don Gumaro, najua utasema Hakimu ni mzima, anakula, kilemba chekundu. Sajenti naye alikuwa mzima nilipokuwa nasifu soli za viatu. Kesho utampeleka wapi, ng'ambo ya mto? Kuna wajane kule pia wenye mabanda.

Mimi nimemdanganya mtu anayekufa. Nilimwambia hakuna aliyetoka. Mimi siwezi kuufanya uongo ule uwe kweli, unaweza wewe tu, na mikono yako inajua namna ya kupinda shingo. Wachimba kaburi nimewaomba wasiguse sepetu. Gunia la chokaa liko hapa miguuni pangu. Padri ana subira, na sisi sote tuna siku nzima. Tranquilino alikuomba kwa kusimama, akiwa amevunjika, na hakukuinulia mkono.

Njoo, kompadre wa ndugu yangu. Mshushe Hakimu mwenyewe, kisha tumwache Tranquilino apumzike.